Goma: Anayejua kwa nini masaa 72 yanapita hakuitwa kwenye mkutano wa Sida

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mipango ya kupigana na Sida katika mji huu haianzi na dawa wala kondomu. Inaanza na karatasi inayoitwa tathmini ya mahitaji. Wenye kuiandika wanatakiwa kuuliza: nani yuko hatarini zaidi, wapi, kwa sababu gani, na ni kitu gani kinakosekana ili virusi visiendelee kuenea? Ni kazi nzuri, tena ya lazima. Kasoro iko kwa wanaoulizwa.

Mara nyingi wanaoulizwa ni wale wale. Daktari, mkuu wa mradi, mjumbe wa shirika fulani, mwakilishi wa ofisi fulani. Wanakutana katika ukumbi wa hoteli, wanazungumza Kifaransa kutwa nzima, wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na jioni tathmini imekwisha. Mama anayelala chini ya shitingi hayumo. Msichana anayeuza mwili Birere hayumo. Motari anayebeba watu usiku hayumo. Hata anayeishi na virusi, na kumeza dawa kila siku, hayumo. Wakiitwa, wanaitwa siku ya mwisho, pesa zikiwa zimekwisha kugawanywa, ili picha ipigwe na ripoti iseme kwamba “jamii ilishirikishwa”.

Hiyo si tathmini. Ni watu wachache kuthibitishiana yale waliyokuwa wanayajua tangu asubuhi. Na katika mji kama Goma, baada ya yale yaliyotokea tangu mwezi wa kwanza 2025, kosa hilo linagharimu maisha.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha. Wataalamu wote wanajua kanuni hii: mtu aliyebakwa anaweza kukingwa asiambukizwe virusi vya Sida, mradi aanze dawa kabla ya masaa 72 kupita, yaani siku tatu, na azimeze kwa siku 28 bila kukatiza. Kadiri anavyowahi ndivyo kinga inavyokuwa na nguvu. Dawa hizo ziko ndani ya kile kinachoitwa kit PEP, pamoja na kidonge cha kuzuia mimba na dawa za magonjwa mengine ya zinaa. Hadi hapo mtaalamu amesema kweli, na hakuna anayeweza kumbishia.

Basi mtaalamu anaandika: vinatakiwa vifurushi kadhaa, viwekwe katika hospitali kadhaa. Anahesabu vifurushi. Kazi imekwisha.

Lakini mwanamke aliyekamatwa porini akitafuta kuni hahesabu vifurushi. Yeye anahesabu mambo mengine. Nani atabaki na watoto? Pesa ya pikipiki hadi hospitali itatoka wapi, na ya kurudi? Njiani kuna vizuizi vingapi, na wanaosimama pale ni akina nani? Bwana akijua atamfukuza? Muuguzi wa kituo kilicho karibu si jirani yake, anayesali naye kanisa moja? Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote: kuna aliyemwambia kwamba masaa yanahesabika? Wengi wanangoja damu ikauke, maumivu yapungue, aibu ipoe kidogo. Siku ya tano wanafika. Kit ilikuwepo kabatini tangu siku ya kwanza.

Nani alijua kwamba itakuwa hivyo? Si daktari. Ni mama jirani yake, ni mkuu wa nyumba kumi, ni rele anayetembea mlango kwa mlango bila mshahara. Hao wote hawakuwa ukumbini.

Na mambo haya si madogo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilitangaza kwamba katika mwaka 2023 liliwatibu watu 25,166 waliofanyiwa ukatili wa kingono nchini Kongo, zaidi ya wawili kila saa. Sehemu kubwa sana walikuwa wa Kivu ya Kaskazini, na wengi wao wakimbizi wa ndani. Wengi walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni, maji au chakula. Hao ni wale waliofika kwa MSF tu. Hakuna orodha ya wale ambao hawakufika, na tathmini inayofanywa ndani ya hospitali haiwezi kuwaona, kwa sababu hospitali inamwona aliyeingia mlangoni tu.

Tena ramani yenyewe imebadilika. Mipango mingi ya miaka iliyopita iliandikwa kwa kufuata makambi: Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na mengine. Ilikuwa rahisi. Mtu anajua kambi iko wapi, ina watu wangapi, kituo cha afya kiko upande gani. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia mjini, na hadi mwezi wa pili makambi yalikuwa yameondolewa. Mamia ya maelfu ya watu walitawanyika. Wengine walirudi upande wa Sake, Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wakakuta nyumba zimebomoka na vituo vya afya vimeporwa. Wengine walibaki mjini kimyakimya, katika Ndosho, Mugunga, Keshero, kwa ndugu au katika chumba kimoja wanachopangisha familia tatu.

Leo atakayechukua orodha ya zamani na kuandika “kambi ya Bulengo: kondomu kadhaa, vipimo kadhaa” atakuwa anaandikia mahali ambapo watu hawapo. Aliyekuwa akichukua dawa zake za ARV karibu na hema yake anachukulia wapi sasa? Mama aliyepimwa akiwa na mimba na kukutwa na virusi, alijifungulia wapi? Bila matibabu, katika kila watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kati ya 15 na 45 wanaweza kuambukizwa wakati wa mimba, wa kujifungua au wa kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri wanabaki chini ya 5. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watoto. Na ili kumpata mama huyo leo, kompyuta ya mradi haisaidii. Anayeweza kumpata ni mwenye nyumba anayempangisha, au mama wa kikundi cha kanisa, au mwanamke mwenzake anayeishi na virusi ambaye walikuwa wanapanga foleni pamoja.

Kuna wanaopenda kujibu kwa namba ya taifa. Wanasema uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watu wazima wenye virusi Kongo ni 1.2 kwa mia, kwa hiyo Sida hapa si shida kubwa kama nchi za kusini mwa Afrika. Namba hiyo ilikuwa sahihi. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba wanawake walikuwa 1.6 kwa mia na wanaume 0.6. Kumbe hata ndani ya namba moja ndogo, mzigo wa wanawake ni zaidi ya mara mbili. Sasa namba ya nchi nzima, iliyochukuliwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, itasema nini juu ya msichana wa miaka 17 aliyekimbia Masisi na anayelala leo nyuma ya baa? Haisemi kitu. Wenye kuitumia ili wasiende kumwuliza wanaitumia vibaya.

Wapo pia wanaosema kinyume: wataalamu wa nini, wananchi wanajijua wenyewe, wapewe pesa wafanye. Hilo nalo ni kosa, na lisiachwe hivihivi. Wananchi wanajua mengi lakini hawajui yote. Katika mitaa bado kuna wanaoacha dawa kwa sababu mhubiri amewaambia wamepona. Bado kuna wanaodhani mtu mwenye virusi hatakiwi kuoa wala kuzaa. Ni sayansi iliyoonyesha kwamba mtu anayemeza dawa vizuri, hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake katika mapenzi. Habari hiyo ingeondoa hofu katika nyumba nyingi, na anayeweza kuileta kwa uhakika ni mtaalamu. Vilevile usalama wa damu wanayotiwa majeruhi na akina mama wanaojifungua, au kujua dawa ipi imekwisha na ipi itakwisha mwezi ujao, ni kazi ya waliosoma.

Kwa hiyo hakuna anayeomba madaktari watolewe ukumbini. Kinachodaiwa ni kwamba mwenye kujua dawa na mwenye kujua njia wakae pamoja, tena kabla bajeti haijaandikwa. Daktari anajua kwamba ni masaa 72. Mama anajua kwa nini yanapita. Ukimchukua mmoja ukamwacha mwingine, kit itabaki kabatini.

Kongo yenyewe ina mafunzo juu ya jambo hili, na si ya jana. Mwaka 1984 Projet SIDA ilianzishwa Kinshasa, mojawapo ya kazi za kwanza kubwa za utafiti wa Sida katika Afrika, na madaktari Wakongomani walikuwa mstari wa mbele. Kati ya 1988 na 1991 watafiti wake waliwafuatilia wanawake zaidi ya 500 wanaouza mwili mjini Kinshasa, ambao hawakuwa na virusi. Hawakuwahubiria wala kuwafukuza. Kila mwezi waliwapima na kuwatibu magonjwa ya zinaa, wakawapa kondomu, wakazungumza nao. Maambukizi mapya yalishuka kutoka 11.7 hadi 4.4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Wanawake ambao jamii iliwaita waliopotea walijikinga, walipopewa njia ya kujikinga na walipoheshimiwa.

Kilichofuata nacho ni fundisho. Mwaka 1991 Kinshasa iliporwa, wataalamu wa kigeni wakaondoka, Projet SIDA ikafa. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2010, Kinshasa hiyohiyo ilianza kitu kingine: vituo vidogo vya mtaani vinavyoitwa PODI, ambapo mgonjwa aliye imara anachukua dawa za miezi kadhaa karibu na kwake badala ya kushinda hospitalini. MSF ilisaidia kuanzisha, lakini wanaoviendesha ni watu wanaoishi na virusi wenyewe, kupitia muungano wa vyama vyao. Wao ndio waliojua kwamba kinachomfanya mtu aache dawa si ujinga. Ni nauli, ni foleni, ni kuonekana na jirani pale mlangoni.

Goma imeona jambo hilohilo kwa macho yake. Mwezi wa kwanza 2025 mashirika mengi yaliondoa sehemu ya wafanyakazi wao. Maghala ya misaada yaliporwa. Uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Wakati huohuo, tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, misaada ambayo ilikuwa inalipia sehemu kubwa ya kazi ya Sida katika Afrika. Mambo yote mawili yaliuangukia mji huu katika mwezi mmoja. Nani alibaki? Wauguzi wa hapa, marele, vikundi vya watu wanaoishi na virusi, akina mama wa mitaa. Wale wasioitwa mkutanoni ndio waliobaki kazini mkutano ulipokimbia. Ni haki gani basi inayosema kwamba mikutano ikirudi, wao warudi nje?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hakuna muda, ni hali ya dharura. Lakini kuwakusanya akina mama 15 uani kwa mmoja wao, Ndosho au Majengo, kunachukua nusu siku. Kinachochukua muda ni kuagiza dawa zisizotakiwa na kuzipeleka mahali pasipo na watu, halafu kuandika ripoti ya kueleza kwa nini hazikutumiwa.

Jibu la pili ni kwamba wananchi wanataka pesa tu, wanakuja kwa ajili ya perdiem. Na wale wa ukumbini wanakuja kwa ajili ya nini? Mama anayeuza ndizi Kituku akiacha meza yake asubuhi nzima, watoto hawatakula jioni. Kumlipa usafiri na muda wake si rushwa. Kama mwenye mshahara analipwa kwa kukaa mkutanoni, asiye na mshahara alipwe pia.

Jibu la tatu lina uzito zaidi: kuwaita watu hawa hadharani ni kuwaweka hatarini. Ni kweli. Msichana anayeuza mwili hawezi kusimama mbele ya chifu wa mtaa na kueleza maisha yake. Aliyebakwa hawezi kusimulia mbele ya wanaume wenye kalamu. Kuna watu wengine ambao jamii haitaki hata kuwataja, kama wanaume wanaolala na wanaume, nao virusi haviwaruki. Sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi na siri ya hali yao. Lakini hatari hiyo inadai watu waulizwe kwa busara. Haitoi ruhusa ya kutowauliza. Wanawake waulizwe na wanawake. Vikundi viwe vidogo. Majina yasiandikwe. Picha zisipigwe. Maswali yatafsiriwe kwa lugha ambayo mtu anaota nayo, iwe Kiswahili, Kinyarwanda, Kihunde au Kinande. Na anayefungua jeraha la mtu kwa maswali asiondoke bila kumwonyesha pa kutibiwa.

Si kitu kipya kinachoombwa hapa. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 1994, huko Paris, wawakilishi wa nchi 42 walitia sahihi kwamba watu wanaoishi na virusi washirikishwe katika kila ngazi ya kazi hii, kuanzia kupanga hadi kutekeleza. Mwaka 1994 huohuo Goma ilikuwa imejaa wakimbizi na kipindupindu. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ni mzazi leo, na bado anasubiri kuulizwa.

Basi wenye mipango na wenye pesa wapimwe kwa mambo matano, na kila msikilizaji ana haki ya kuyauliza.

La kwanza: je, watu waliulizwa kabla bajeti haijaandikwa, au baadaye?

La pili: je, mkutano ulikwenda walipo watu, Ndosho, Mugunga, Birere, Katoyi, Sake, au watu walitakiwa kuufuata hotelini?

La tatu: je, waliokaa mezani wakiwa na sauti ya kuamua walikuwemo wanaoishi na virusi, wanawake wakimbizi, vijana na marele, au walikuwa wa kupiga makofi tu?

La nne: je, kuna kitu hata kimoja katika mpango kilichobadilika kwa sababu ya yale waliyoyasema? Kama hakuna hata kimoja, basi hawakusikilizwa.

La tano: je, majibu yalirudishwa? Matokeo ya tathmini yasomwe redioni, kwa Kiswahili, watu wasikie kile kilichosemwa kwa jina lao. Ripoti inayobaki katika kompyuta ya ofisi, kwa Kifaransa au Kiingereza, ni mali ya walioiandika.

Mpango unaoshindwa maswali hayo usiitwe mpango wa Goma.

Na wakati wakubwa wanajadiliana, kila familia inayosikia haya ishike mambo machache na kumwambia jirani. Aliyebakwa, awe mwanamke, msichana, mvulana au mwanaume, apelekwe haraka kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, kabla ya masaa 72. Huduma hiyo inapaswa kuwa bila malipo. Hata kama siku hizo tatu zimepita, aende, kwa sababu kuna matibabu mengine bado, na kidonge cha kuzuia mimba kinaweza kusaidia hadi siku ya tano. Mwenye kumeza ARV aliyehama asikatize. Aingie kituo chochote cha afya aeleze, hata kama karatasi yake ilibaki kambini. Mama mwenye mimba aombe kupimwa.

Jirani mmoja anayejua masaa hayo anaweza kumwahisha mtu ambaye hakuna mkutano uliowahi kumfikia. Lakini mji hauwezi kuendelea kuwaachia majirani kazi hiyo bila kuwapa kiti mezani.